Saa ya Kaka Haikai Bila Kazi

Kaka yangu aliniachia ng'ombe wachache, koti la mvua na saa ya kuogelea. Ng'ombe nilijua pa kuwalaza, koti nilijua pa kulitundika. Saa ndiyo iliyonitesa.

Kwetu ni Shinyanga ya ndani, upande wa Kagongwa. Maji kwetu ni kitu cha kunywa, cha kunywesha mifugo na cha kuomba Mungu alete. Kuogelea si desturi. Kaka ndiye aliyeharibu utaratibu. Alikuwa akichimba dhahabu upande wa Geita, na siku moja maji yakajaa ndani ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia, yakamfika kidevuni kabla wenzake hawajamvuta kwa kamba. Alipotoka aliapa kwamba maji hayatamkuta mjinga tena. Mgeni mmoja aliyekuwa anaaga mgodini akampa saa inayovaliwa ndani ya maji, inayohesabu jinsi mikono yako inavyopiga na jinsi moyo wako unavyodunda.

Tangu hapo, kila alipokuja nyumbani, Jumapili baada ya ibada kaka alivua shati, akaingia kwenye lambo la kijiji katikati ya ng'ombe, akavuka na kurudi bila kusimama. Akimaliza, saa ilimwimbia. Sisi tuliokaa ukingoni hatukuwahi kuusikia wimbo huo. Alitoka na matope kichwani, anatabasamu, anasema, "Leo imeimba." Tunamwambia haya, njoo ule.

Hakufa kwa maji. Alikufa kwa homa, kitandani, pakavu kabisa. Mpaka leo naona alionewa.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Msibani nilipasua kuni. Nilipasua mpaka mama mmoja wa jikoni akauliza kama tumemzika mtu mmoja au kitongoji kizima.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, shangazi aliinyanyua saa kwa ncha za vidole kama kitu kinachouma.

"Hii imezoea kazi," akasema. "Atakayeirithi ataifanyisha kazi. Kitu cha marehemu hakikai bure." Akanitazama mimi.

"Shangazi, mimi sijui kuogelea."

"Na kaka yako alitoka tumboni anajua?"

Kwetu hilo halina mjadala. Ukirithi jembe utalima nalo hata kama wewe ni fundi cherehani. Nikanyoosha mkono, lakini mkono mwingine ukawahi. Ulikuwa wa mtani wetu, mama wa Kizaramo anayeuza kanga na mashati Katoro, upande ule ule wa Geita, ambaye kaka alikuwa mteja wake. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na msibani mtani anaruhusiwa mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya atapigwa. Tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la mvua la kaka, juani, anatembea kwa mwendo wa kaka, akidai apewe sahani ya marehemu kwa sababu marehemu ameshiba.

"Msukuma na maji wapi na wapi?" akasema, huku ameshajifunga saa. "Nyie kuoga kwenyewe mnaoga kwa ahadi. Hii ni mali yetu sisi watu wa pwani."

"Rudisha, mtani," shangazi akasema.

"Narudisha, ila kwa sharti. Siku ya kujengea kaburi nitakuja. Kama mpaka siku hiyo haijaimba mkononi mwake, naichukua namvalisha mbuzi wangu. Mbuzi wangu anaogelea kuliko huyu."

Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakasahau walipoishia. Lakini neno la mtani msibani, pamoja na kwamba ni mchezo, si la kuchezea. Mkutano mzima ulikuwa shahidi. Nikavaa saa ya kaka, ikaning'inia mkononi kama bangili ya kuazima.

Asubuhi yake ikatetemeka, ikanitakia siku njema kwa jina la kaka.

Niliivua, nikaivaa tena. Kisha nikaipeleka kwa fundi simu pale Kagongwa, ninakofanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akaibonyezabonyeza.

"Hii inadhani wewe ni yeye," akasema. "Imeshika uzito wake, urefu wake na umbali aliojipangia. Nifute kila kitu, nikuweke wewe?"

"Ukifuta, asubuhi itamtaja nani?"

"Wewe."

"Basi acha."

Fundi akanipima kwa macho kuanzia viatu. "Sawa, mzee wangu. Ila ujue itakudai uogelee kama jitu."

Nilianza mvua za kwanza zilipojaza lambo. Nilijifunga madumu mawili matupu ya mafuta mgongoni, nikaingia mpaka kifuani, nikaanza kupiga maji kwa mikono huku miguu ikitembea chini kwenye tope. Ukingoni wachungaji walikuwa wamesimama wameegemea fimbo.

"Mwangaluka!" wakanisalimu.

"Mwangaluka."

"Umepoteza nini humo?"

"Naogelea."

Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu kabisa, "Kwa miguu?"

Saa nayo haikunionea haya. Nilipotoka ilinionyesha picha ya mtu amekaa kwenye kiti, yaani leo sijafanya lolote. Nilikuja kuijua picha hiyo kuliko sura yangu. Nikitetemeka kwa baridi: mtu kwenye kiti. Nikinywa nusu ya lambo: mtu kwenye kiti. Siku moja nilizama, nikaibuka na ruba shingoni, saa ikasema moyo wangu unakwenda vizuri sana, niendelee hivyo hivyo.

Kwetu masomo haya yana msimu. Kiangazi lambo linakauka mpaka linabaki tope la nguruwe, na mwanafunzi anasahau yote. Mvua zikirudi anaanza darasa la kwanza. Nilipata kichocho nikatibiwa, na mganga wa zahanati aliponiuliza mtu mzima nimekwenda kutafuta nini kwenye lambo, nikamwambia ukweli wote, pamoja na mbuzi. Aliandika kidogo, akasita, akaweka kalamu chini.

Waliokuja kunifundisha hasa ni ng'ombe. Niliwatazama wakivuka upande wenye kina. Ng'ombe hapigi maji makofi. Anainua pua, anatulia, miguu inafanya kazi kimya kimya, na hana haraka ya kumwonyesha mtu. Nikavua dumu moja. Msimu uliofuata nikavua la pili. Nikaweza kuvuka, lakini kurudi nikashindwa, ikabidi nizunguke lambo kwa miguu, nimelowa, nikiwaamkia akina mama wazaa chema waliokuja kuchota maji.

Katikati ya hayo, siku moja nilikuwa mashineni nasukuma pumba kwa beleshi, saa ikaanza kutetemeka. Kumbe nilikuwa nimeibonyeza bila kujua. Nikatazama: mtu wa kwenye kiti hayupo, yuko mtu anaogelea, tena anakaribia kumaliza. Kwa hesabu za saa, nilikuwa nimevuka lundo la pumba na sasa narudi.

"Endelea!" mwenzangu akapiga kelele kuushinda mlio wa mashine. "Mabeleshi machache tu inaimba! Mtani alisema iimbe mkononi mwako, hakusema ndani ya maji!"

Ni kweli hakusema. Nilisimama na beleshi limejaa. Halafu nikaivua saa nikaiweka juu ya gunia. Kaka hakuwa anavuka pumba.

Miaka ikapita, siku ya kujengea kaburi ikafika. Tulijenga asubuhi, tukasali, tukala, na mtani akaja kutoka Katoro na mbuzi kweli, mbuzi jike mweupe, shingoni kafungwa kipande cha kanga.

"Shikamoo shangazi," akasalimia. "Nimekuja na mrithi."

Kijiji kizima kikashuka lamboni. Nikavua shati. Kwenda nilikwenda vizuri, pua juu, kimya kimya kama nilivyofundishwa. Niligusa tope la ng'ambo nikageuka. Hapo ndipo nilipoliona kundi. Ilikuwa saa ya kunywesha, na hakuna aliyewaambia ng'ombe kwamba kuna shughuli. Waliingia wote upande wangu, wakaanza kuvuka pamoja nami kuelekea nyumbani, nami nikawa katikati ya pembe na mapovu. Nikanywa maji. Mikono ikaisha nguvu. Mbele yangu ukapita mkia, nikaushika.

Ulikuwa wa maksai mwekundu wa kaka. Alinivuta kama gunia, mkono mmoja mkiani, mwingine, wenye saa, ukiendelea kupiga maji kwa aibu. Tukiwa karibu na ukingo, saa ikatetemeka, na katikati ya milio ya ng'ombe nikasikia: pi, pi, piii.

Basi. Ndiyo hiyo. Sauti ya kifaranga aliyekanyagwa kidogo. Kwa miaka yote ile nilidhani kaka alikuwa anaimbiwa kitu kama kwaya. Kumbe Jumapili zote zile alivuka matope na kurudi kwa ajili ya pi, pi, piii, na akatoka akitabasamu vile. Nikacheka mpaka maji yakaniingia puani, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, lakini nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyejua.

Ukingoni hakuna aliyekuwa amesikia. "Imeimba?" wakauliza.

Nikawaonyesha kioo, kilikuwa na picha ya kikombe cha ushindi. Wakapiga vigelegele. Nikawanyamazisha. "Imeimba," nikasema, "lakini kipande cha mwisho nimeshika mkia."

Mtani akashika kiuno. "Kwa hiyo umeogelea au umeswagwa?"

Kikazuka kikao pale pale. Wengine walisema mkia si mkono. Wengine wakauliza kama sharti lilitaja ng'ombe. Shangazi akawaacha wachoke, kisha akauliza, "Huyo maksai ni wa nani?"

"Wa marehemu," wakajibu.

"Basi marehemu amemvuta mdogo wake. Kuna mtu ana neno na marehemu?"

Wazee wakaanza kuokota fimbo zao. Mtani alikuwa akimkunakuna mbuzi.

"Mimi mtani sirudi mikono mitupu," akasema. "Kaogelea nusu, apewe nusu. Saa abaki nayo. Waya wa kuchajia nauchukua mimi."

Na aliuchukua. Upo dukani kwake Katoro mpaka leo, umetundikwa kwenye msumari kati ya kanga. Fundi wa Kagongwa hana mwingine wa kufanana nao, na mimi sijamuuliza mara ya pili. Chaji ikiisha napanda gari mpaka Katoro, nakaa kwenye benchi lake, saa inachajiwa, naye ananitukana mbele ya wateja. "Mnamwona huyu? Aliogeleshwa na ng'ombe!" Siku moja aliniambia kwamba kwao ni Kisarawe, kwenye vilima, na maji hayajawahi kumpita magoti. Wateja wakipungua, huwa ananisimulia mashati ambayo kaka aliyajaribu na kuyakataa, na alivyokuwa akiomba kupunguziwa bei kwa sababu eti shati la mwogeleaji halivaliwi muda mrefu.

Fundi alinieleza kwamba ukiogelea sana, chaji inakwisha upesi. Msimu huu nimeogelea sana.