Vikombe Viwili vya Maji

Dumu tupu likigonga jiwe, hata leo, moyo wangu huruka. Narudi Mgeta, mgongoni kwa mama, tukishuka njia ya kijitoni huku madumu yakigongana mkononi mwake, nami nikimpigapiga begani aongeze mwendo. Nilizaliwa na miguu isiyo na nguvu, lakini kutulia sikujua.

Kijitoni palikuwa na kidimbwi. Watu wazima waliosha karoti hapo kabla lori la sokoni halijafika, kisha watoto wakaogelea. Mama alinifunga kwa kanga dumu tupu kila kwapa, na kidumu cha lita moja magotini. Hicho cha magotini alikitia vikombe viwili vya maji. Nikaelea. Jamani, nilielea! Ila polepole mno. Wenzangu walikwishafika kwenye mwamba wa ng'ambo wanakula plamu, mimi bado niko katikati.

Nililaumu yale maji. Niliamini mama ananitia uzito makusudi nisimponyoke. Tena nilikuwa na kinyongo kingine: kabla ya hapo, kwa siku kadhaa, alikuwa akirudi alfajiri amelowa chapachapa, anakohoa, meno yanagongana. Kumbe anakwenda kuogelea bila mimi!

Basi siku moja alinikalisha ukingoni nimekwisha kufungwa madumu, akageuka kusalimiana na watu wa karoti. Nikafungua kidumu, nikamwaga maji, nikajisukuma. Kwa muda mfupi nilikwenda kasi, nikacheka peke yangu. Kisha miguu ikapanda juu, kichwa kikazama. Maji ya baridi yaliniingia puani. Mama alijitosa na nguo zake, maji yakimfika kifuani, akanivuta kwa nywele.

Mama mdogo Mwajuma, aliyekuwa akiosha karoti, hakuninyamazia. "Si ndiyo hayo! Mtoto akililia wembe, mpe."

"Huyu hakulilia wembe," mama alijibu akihema. "Alililia maji."

Akachota vikombe viwili, akafunga kidumu, akanirudisha kidimbwini. Siku hiyo nilifika mwambani, wa mwisho. Nilikula plamu yangu nimenuna.

Mama hayupo tena. Mwaka jana nilianza mazoezi kwenye bwawa la kuogelea mjini Morogoro, mwalimu akanifunga maboya, na nikamwambia ya miguuni ayapunguze. Akashangaa nimejuaje. Jioni nikampigia mama mdogo, baada ya shikamoo nikamsimulia.

"Kwani hukuambiwa?" akasema. "Dada alijifunga miguu yake mwenyewe, akaingia na yale madumu, mimi nimemshika kwa kanga. Kikombe kimoja, miguu juu, akanywa maji. Vitatu, miguu ikazama. Alfajiri sita, mwanangu. Na maji alikuwa anayaogopa tangu tukiwa wadogo."

Nililia simu ikiwa sikioni. Alfajiri zote sita nilikataa kumwamkia, kwa kuwa alikwenda kuogelea bila mimi.