Bibi Harusi Asiye na Ng'ombe

Enzi zetu sinema ilikuja kwa gari na kuondoka kwa gari, na ulibaki na kile tu ulichokishika kichwani. Hakukuwa na kurudisha nyuma, wala kusimamisha kidogo ukajisaidie. Ukienda kujisaidia, ukirudi unakuta bibi harusi keshaolewa. Nikiwaambia wajukuu wangu haya wananitazama kwa huruma, huku vidole vyao viko kwenye simu, wanaruka sehemu za nyimbo. Wanaruka nyimbo! Sisi tulikuwa tayari kulala njaa kwa ajili ya nyimbo hizo.

Nakumbuka ile miaka ya mwanzo ya kijiji cha ujamaa pale Nyanungu, tulipohamishwa kutoka kwenye miji yetu ya mabondeni na kupangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Wazee walinung'unika sana. Mzee aliyezoea kuamka akitazama ng'ombe wake sasa alikuwa anaamka akimtazama jirani akisukutua meno. Sisi watoto tulifurahi kimyakimya. Wenzetu wa kucheza nao walikuwa hatua chache tu, shule ilikuwa karibu, na gari la sinema lilipata mahali pa kusimama.

Lilikuja kiangazi, njia zilipokauka. Tukiona vumbi lake tulilikimbilia, na siku hiyo ndama walinyonya walivyotaka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwatenga na mama zao. Jioni wazee walifika na vigoda vyao, akina mama na vibuyu vya maziwa mgando na ugali wa mtama uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Kitambaa cheupe kilifungwa kwenye nguzo za goli, jenereta ikaanza kunguruma, na uwanja wote ukanuka petroli. Kwanza walituonyesha jinsi ya kupanda mahindi kwa mstari na kuchimba choo. Hayo tuliyavumilia kama tulivyovumilia mahubiri marefu. Kisha wakaweka yenyewe.

Ilikuwa sinema ya Kihindi. Jina lake hatukulijua, sisi tuliiita Bibi Harusi. Nadhani gari lile halikuwa na nyingine, maana kila lilipokuja ilikuwa ni hiyohiyo, na hakuna aliyelalamika. Msichana anateka maji anaimba, anaolewa, anakwenda kwa watu wanaomtesa, na mwisho anatoroka, anatembea kwenye mvua hadi kwa baba yake, na baba yake anampokea. Basi. Waliochelewa walikaa nyuma ya kitambaa wakaona kila kitu kimegeuka. Mimi mara ya kwanza nilikaa huko, na kwa muda mrefu niliamini Wahindi wote wanakula kwa mkono wa kushoto.

Lakini hakuna aliyeipenda sinema ile kama dada yangu Boke. Yeye alikuwa mkubwa, anakaribia kumaliza darasa la saba, na mimi nilikuwa kivuli chake. Alizishika nyimbo zote bila kujua neno hata moja la Kihindi. Tukienda mtoni alijipaka udongo mwekundu katikati ya paji la uso, akafunga vizibo vya soda miguuni, akajifunika khanga ya mama, na sisi wadogo tukawa watu wote waliobaki: mama mkwe, farasi, hata mvua. Kazi yangu ilikuwa mvua. Nilimmwagia maji kwa kibuyu huku akitembea taratibu kwenda kwa baba yake, ambaye alikuwa jiwe kubwa, na kila mara alilia kweli. Mama alitukuta siku moja akasema, "Robi, dada yako atapata homa, na nguo hizo hazina sabuni ya kuzifulia." Sabuni ilikuwa ya kusubiri kutoka upande wa Sirari, mpakani na Kenya, lakini tuliendelea tu.

Wakubwa nao walikuwa na yao. Pale kwenye harusi, baba wa msichana alionekana akitoa sinia za vyombo, vitambaa na dhahabu, akiwakabidhi watu wa mume. Hapo uwanja wote ulichafuka. Mzee mmoja alisimama mbele ya kitambaa, kivuli chake kikamfunika bwana harusi.

"Wewe kijana wa gari," alimwita mtangazaji, "ng'ombe wako wapi hapo?"

"Mzee, kwao hakuna ng'ombe. Kwao baba wa binti ndiye anayetoa mali."

"Anatoa binti, na mali anatoa yeye tena? Huyo mtoto ana ugonjwa gani?"

Watu walicheka, lakini walicheka kwa wasiwasi. Walikubaliana kwamba binti yule lazima ana kasoro iliyofichwa, na kila gari liliporudi waliitafuta. Wengine walisema hasikii vizuri, wengine kwamba mguu mmoja ni mfupi. Akina mama walimhurumia kwa kutolewa bure, mtoto mzuri vile. Boke peke yake aliona jambo lingine, na aliniambia tukiwa tunasaga ulezi. "Robi, umemwona anavyorudi kwa baba yake? Anaweza kurudi kwa sababu hakuna ng'ombe wa kurudishwa. Hakuliwa ng'ombe hata mmoja kwa ajili yake." Mimi niliitikia tu, nikiwa nafikiria mvua yangu.

Kwetu, na wasomaji wa rika langu mnalijua hili, ng'ombe wa binti hawakai zizini kwa baba yake. Wanapita tu. Wanaingia kwa mlango huu na kutoka kwa ule kwenda kumletea kaka yake mke. Kaka yetu Marwa alikuwa ameshakuwa kijana kamili na hakuwa na ng'ombe wa kuolea. Alikuwa akimsubiri Boke. Hakuwa na ubaya, ndivyo tulivyoishi, na Boke alimpenda.

Watu wa Kenyamonta, ng'ambo ya mto Mara, walipokuja kumposa, Boke alikuwa ametoka tu kumaliza shule. Usiku ule wazee walikubaliana, asubuhi Boke akamfuata baba yetu alipokuwa anakamua. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndama, nilisikia yote.

"Tata, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Tata, nakuomba unitoe bila ng'ombe."

Baba aliacha kukamua. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto asiyejua maana ya tusi.

"Nikutoe bure? Watu waseme nilikuokota njiani? Boke, ng'ombe ni heshima yako. Wakikuona waseme, huyu ana baba."

"Yule wa sinema alitolewa hivyo, na baba yake alimpenda."

"Yule wa sinema ni kivuli kwenye kitambaa," alisema baba, akaendelea kukamua.

Ng'ombe walikuja. Walikuwa wazuri, watu walisimama kuwatazama. Tulichinja, nyama ikaliwa na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, kama inavyotakiwa, na Boke akavuka mto na mashangazi wakiimba. Baada ya mavuno ng'ombe walewale wakapelekwa kwa wakwe wa Marwa, na Gati akaja nyumbani kwetu. Gati alikuwa binti mcheshi, mwenye haya kidogo mbele ya baba. Alimsaidia mama kazi bila kuagizwa, na Marwa akaanza kurudi nyumbani mapema. Nyumba yetu ilichangamka. Gari la sinema lilikuja na kuondoka, na mimi nilitazama Bibi Harusi bila mtu wa kumshika mkono.

Kiangazi kilichofuata Boke alirudi. Aliingia adhuhuri, peke yake, jicho moja limevimba na mkono ameushikilia kifuani. Mumewe alikuwa mtu wa kupiga. Mama aliweka maji motoni, akawa anamkanda mkono huku akilia kwa sauti ndogo. Baba alikaa karibu naye, akasema, "Kaa hapa, Boke. Nitajua la kufanya."

Sote tulijua la kufanya lilikuwa moja tu. Zizi letu halikuwa na ng'ombe wa kutosha kurudishwa Kenyamonta. Walikuwa kwa kina Gati, na wengine walikuwa wameshazaa. Ili Boke akae, ng'ombe wale wadaiwe, na ili wadaiwe, Gati arudi kwao. Marwa alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba.

Gati ndiye aliyeleta chakula. Alipiga magoti mbele ya Boke na kumnawisha kwa heshima ile anayopewa wifi ambaye ng'ombe wake ndio waliokuleta. Maji mengi yalimwagika mkekani. Boke alimtazama sana. Alikula ugali wote, polepole, kwa mkono ule mzima. Akamshukuru Gati, akamuuliza kama Marwa anamtendea vizuri, na Gati akajibu ndiyo, anamtendea vizuri. Boke akasimama, akajifunga khanga yake vizuri, akamwambia baba, "Tata, nimewasalimia. Nakwenda." Nilimsindikiza hadi mwisho wa nyumba za kijiji. Nilitaka kumwambia abaki na sikuweza, kwa sababu nilimpenda Gati pia. Baba hakula jioni ile wala kesho yake.

Boke aliishi huko hadi mumewe alipokufa. Alizaa, alizika, alilima. Siku hizi binti akipigwa, kabla jioni haijafika bodaboda imemleta kwao na sanduku lake, na simu imeshawafikia shangazi wote. Nawatania wasichana wetu kwamba hawana uvumilivu hata wa wimbo mmoja, lakini moyoni nashukuru, na nikikaa peke yangu natamani Boke angezaliwa miaka hii.

Mwaka jana tulikutana kwa Marwa, tukawa tunapukuchua mahindi sisi bibi wawili na Wegesa, binti yao Marwa na Gati, kitinda mimba. Alikuwa akitazama filamu kwenye simu, mambo ya mke anayemtoroka mumewe, nasi tukamsimulia yetu. Akasikiliza kwa hasira ya vijana, akaiweka simu chini.

"Lakini shangazi Boke, kwa nini hukubaki tu? Babu alishakwambia ukae!"

Boke alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa kwenye rundo.

"Ningebaki," alisema, "ni nani angeniuliza leo?"