Kikombe cha Mashapo

Mwanamke anayetengeneza mvinyo wa rozela pale Katindiuka hana kipimo chochote. Povu likishatulia, huinama na kutega sikio kwenye ndoo, vidole vyake vyenye wekundu wa rozela vikigonga mfuniko taratibu. "Sasa waliomo humu wanalainisha ukali," humwambia Klementina, mtaalamu wa maabara anayemtembelea kila Jumamosi kwa kuwa harufu ya ndoo hizo humkumbusha togwa, kinywaji cha nafaka cha bibi yake kule Masagati. Kila ndoo inapoisha, mwanamke huyo hubakiza kikombe cha mashapo na kukimimina kwenye ndoo mpya, kama mama yake alivyokuwa akifanya hadi alipofariki. Jumamosi iliyopita Klementina alikuja na hadubini, akaweka tone la mashapo hayo kwenye kioo. Mwanamke alichungulia, akaona vijiti vidogo vilivyoshikana kama mnyororo.

"Hao ndio bakteria wanaopunguza uchachu," Klementina alisema. "Huenda ni uzao wa wale wale wa marehemu mama yako."

Mwanamke alijifuta mikono kwenye kanga, akainamia tena hadubini na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamooni."