Farasi wa Alfajiri na Farasi wa Saa Nne

Tulishuka pwani kwa lori kutoka Naivasha, mimi na farasi jike wa rangi ya kahawia. Njia nzima alisimama, nami nikasimama kando yake nimeshika kamba. Kila dereva alipofunga breki, farasi alinitazama kana kwamba ni mimi niliyefunga. Mtito Andei nilimnywesha maji kwa ndoo. Tulipofika Shanzu akakataa kushuka, miguu imekakamaa. Mama aliyemnunua, mjane wa Timbwani aliyekodisha farasi kwa wageni ufuoni, akasema, "Mwacheni. Hata mimi nikitoka safari hushuka kwa hatua."

Nilikusudia kumfikisha tu, kisha nigeuke na lori. Nikakaa miaka, nikimtunza.

Wenye farasi wa pale wana desturi moja. Kabla wageni hawajaamka, farasi hupelekwa baharini mpaka maji yamfike tumboni, akatembezwa humo hadi jua lipande. Huondoka jasho la jana, naye hutulia. Lakini miaka ilivyokwenda nikaanza kuona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa kuwa mimi ndiye niliyefungua banda. Alfajiri farasi wetu alichechemea mguu wa mbele wa kushoto, hatua fupi fupi, kichwa kikipanda na kushuka. Akitoka majini, anatembea sawasawa. Saa nne anabeba mtalii.

Nikamwambia mama.

"Nami asubuhi huamka hivyo hivyo, mwanangu. Mbona hukuniitia daktari?"

Hata hivyo akamwita daktari wa mifugo, mwanamke kijana, akaja saa nne. Alimtembeza, akamkimbiza, hakuona kitu. Mama akanitazama kwa huruma, nami nikaanza kuyatilia shaka macho yangu. Ndipo daktari akauliza farasi alikuwa wapi asubuhi. Nikasema baharini.

"Kumbe mmeshamlainisha ndipo mkaniita. Kesho msimguse."

Alfajiri iliyofuata daktari akarudi, akaona. Alilikunja goti taratibu, akauweka mkono wangu juu yake. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, kama mchanga kwenye bawaba. Akatueleza habari za gegedu, ile nyama nyeupe inayofunika ncha za mifupa, ile tunayoitafuna kwenye kuku. Farasi akiwa kijana gegedu huwa na maji mengi, hupokea uzito kama godoro. Umri ukienda maji hupungua, hugeuka manjano, hukakamaa, na ikilika hairudi, maana haina damu ya kuijenga.

"Basi anaumia?" mama akauliza.

"Gegedu yenyewe haina hisia, mama. Huuma vilivyo kando yake. Kuna farasi wazee imewaishia na hawachechemei. Wengine imelika kidogo tu, na hawawezi kusimama."

"Na huyu?"

"Huyu anachechemea."

"Mpaka jua litoke. Kisha hachechemei."

"Kutembea kunamsaidia. Kubeba watu ndiko kunakomla."

Hapo mimi nikapotea. Bahari ilikuwa ikimtibu au ikimficha? Yupi alikuwa farasi wa kweli, yule wa alfajiri au yule wa saa nne?

"Asipobeba nimweke wapi?" mama akasema daktari alipoondoka. "Yule bwana wa mikokoteni wa Kisauni ameshamuulizia."

"Mkokoteni ni uzito ule ule, mama."

Siku kadhaa mama hakula vizuri, na hakumjibu yule bwana. Kisha akaniambia nimpeleke farasi Mwakirunge, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, akale majani tu.

Nilimtembeza polepole, nikifuata vivuli, begi langu mgongoni, kwa kuwa bila yeye sikuwa na kazi tena Shanzu. Tulifika mchana. Mama alikuwa ametangulia. Nikamfungua kamba, akaenda kati ya minazi bila kuchechemea hata kidogo, akaruka mtaro.

Mama akanigeukia. "Wallahi, tumemstaafisha mzima."

Mguu ulikuwa mzima, nami nilikuwa nimeushika ukikwaruza.

"Mwangalie kesho alfajiri, mama," nikasema.

"Inshallah."

Nikashika njia ya Changamwe kutafuta lori la bara. Sikujua kama mama angeamka mapema kiasi hicho.