Jina Lililofutwa Tovutini

Juzi, kwenye ofisi moja ya serikali hapa Mchafukoge, mama mmoja alikuwa anafuatilia kiwanja alichogawiwa.

"Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliogawiwa, kwenye tovuti yenu, la tatu kutoka chini," alimwambia karani, huku kidole chake kikipapasa kioo cha kaunta taratibu, kama bado analiona.

"Tovuti ni mpya, mama. Matangazo ya zamani yalifutwa. Una nakala?"

"Nakala si mnatunza nyinyi?"

Karani akamsogezea karatasi. "Andika unachokumbuka, niigongee muhuri."

Mama akafumba macho kidogo, akaandika polepole, kama mtu anayesimulia ndoto. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulisogea kuchungulia.

Mpaka siku tovuti zitakapotunzwa kama mafaili, kilichobaki cha ukurasa ule wa serikali ni mwandiko wa mama mmoja.