Magome ya Mwarobaini na Kinywa Nilichokifunga

Mimi si mtu wa kushangazwa na jambo. Nilianza uhamali Kilindini sina hata kanzu ya Ijumaa, chuoni sikupita juzuu ya pili, na vita vikuu vya dunia havijaisha nilikuwa na mikokoteni mitatu ya punda, nyumba ya mawe Changamwe, na watu sita wanaokula kwa mkono wangu.

Basi kitinda mimba wangu akashikwa na homa. Kwinini ya zahanati akaitapika karibu yote. Siku ya tatu nilimwita kwa jina, akatazama dari.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "hizo fedha zako si zifanye kitu?"

Nikaenda Chaani kwa mama mmoja wa Kiduruma, mganga wa miti. Nilimkuta akikuna nazi, mwarobaini wake uko nyuma ya jiko.

"Shikamoo, mama. Nitamtuma kijana aje achukue dawa. Taja bei yako tu."

"Marahaba. Huyo kijana ndiye mwenye mwana?"

"Mwenye mwana ni mimi."

"Haya, chukua wewe."

Akabandua magome upande wa macheo, akakata na matawi, akafunga kwa ukindu. Magome yachemshwe mtoto anywe, majani aogeshwe. "Na njiani usimsemeze mtu mpaka umkabidhi mkeo. Hata salamu. Ukifungua kinywa, unampelekea kuni."

Jambo dogo, nikajiambia. Kumbe! Kila baraza ni "Salaam aleikum, tajiri!", nami napita kama ukuta. Mzee mmoja aliyenifundisha biashara alinisalimu mara mbili, kisha akageuza uso. Inaniuma mpaka leo.

Penye duka la kahawa alisimama dalali na punda wake chongo, mguu wa nyuma anauburuta. Nilikuwa nimeshamkataa punda yule wiki nzima.

"Tajiri, leo je? Unamchukua?"

Kimya.

"Jamani," akawageukia wanywa kahawa, "bibi harusi akiulizwa akanyamaza, huwaje?"

"Amekubali!"

"Mnashuhudia?"

"Tunashuhudia!"

Nikatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka.

"Tena ana haya, mwali wetu!"

Neno moja tu, "La!", lingenitosha. Lilifika kwenye meno. Nikalimeza nikaenda zangu, kichwa wazi, nyuma nasikia kwato zinanifuata.

Nyumbani mke wangu akaipokea dawa, chungu kikachemka. Tukambana mtoto pua, kijiko kwa kijiko. Alilia kwa ule uchungu, na wallahi kilio kile kilinifurahisha, maana tangu jana hakuwa hata na nguvu za kulia. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Mimi, mwenye kuamrisha watu sita, nilikaa kizingitini nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka.

Kesho yake mchana alitoka jasho, akaomba uji. Kama ni magome, au kwinini iliyosalia tumboni, au ni Mungu tu, sijui.

Dalali akaja uani na mashahidi wake wawili. Punda yule hafiki shilingi arubaini, hilo nalijua hata usingizini, na ningeweza kuwafukuza wote. Lakini mtoto alikuwa ndani, kijiko bado kimo mdomoni. Niliogopa kukikana kile kimya changu, nisije nikairudisha homa kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikamhesabia bila neno bei yake yote aliyoitaka: shilingi sitini na mbili na thumni.