Marahaba ya Trekta

Mimi ni mwoga, nasema wazi kabisa kabla hujaambiwa na watu. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa simu inayoita alfajiri. Lakini utotoni hakuna kitu nilichokiogopa kama trekta. Lilikuja kijijini kwetu mara moja kwa mwaka, mvua zikikaribia, na nikisikia tu mngurumo wake kule barabarani naingia uvunguni mwa kitanda cha mama mpaka liondoke. Dada zangu walinicheka kwa hilo mpaka naolewa.

Ndiyo maana nikaandika kile kitabu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hapa Misigiri, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na sikutaka watoto warithi woga wangu. Nikatunga hadithi ya vyombo vya shambani vinavyoongea: Babu Trekta, mkewe Bibi Tela, mjukuu wao Pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mikono, ambaye hafungi mdomo, na Mkokoteni, jirani yao mzee anayelalamikia magoti. Picha nilichora mwenyewe. Babu Trekta alitoka na makengeza, nikamwacha hivyo hivyo. Kijana mmoja wa steshenari kule Singida Mjini alinichapia nakala hamsini, akazibana pini katikati, nami nikarudi kwenye basi nimelipakata boksi langu kama mzazi aliyetoka wodini.

Sasa kosa langu ni hili. Mwalimu hawezi kuandika hadithi bila kutia adabu ndani yake. Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa shikamoo, anasimama pale pale, kichwa kimeinama, mpaka aitikiwe. Akiondoka kabla, anayesemwa ni aliyemlea. Basi ukurasa wa nne nikaandika kwamba watoto wenye adabu humwamkia Babu Trekta kabla hajaanza kazi, naye huwaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, wajukuu zangu," ndipo anaondoka. Hatembei hata hatua moja kabla hajaitika. Nilijiona nimefanya la maana. Nikiusoma ukurasa ule darasani nilikuwa naikandamiza sauti mpaka koo linauma, na watoto wanagaragara kwa kicheko.

Aliyekipenda kuliko wote ni mjukuu wangu, binti wa miaka sita. Nakaa naye mimi, mama yake yuko kazini Dodoma. Siku anamleta, binti yangu aliniambia, "Mama, nakuachia roho yangu hapa," nami nikamjibu kwa ukali kwamba nilimlea yeye na hakufa. Mtoto yule alikikariri kitabu chote, nikiruka neno ananirudisha.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikakodi trekta linilimie shamba la alizeti nyuma ya nyumba. Dereva alikuwa ameliacha jembe lake pale shambani tangu jana yake. Asubuhi akaja na trekta tupu, ili arudi nyuma, alifunge jembe, aanze kulima. Kijana mpole, aliniamkia vizuri. Anayekulimia humwachi na njaa, kwa hiyo nikaingia jikoni kumkorogea uji wa uwele. Mjukuu nikamwambia akae barazani na kitabu chake, asinyanyuke.

Nilipotoka na jagi la uji, kitabu kilikuwa barazani. Mtoto hayupo.

Sikuita. Miguu ilijua kabla yangu. Nilizunguka nyumba, nikamwona. Alikuwa amesimama kati ya trekta na jembe, nyuma ya tairi kubwa la kushoto, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Tairi lilimpita kimo. Dereva alikuwa juu ya kiti, amegeukia bega la kulia, analitazama jembe, na masikioni ana zile waya za kusikilizia muziki. Injini ilikuwa inanguruma. Nikaliona tairi linajongea kidogo, likasimama, naye anavutana na gia.

Nilikimbia. Uji ulinimwagikia kifuani na sikuusikia moto wake. Nilimpigia dereva kelele, hakusikia. Nilipofika karibu nikamwita mtoto kwa jina lake, toka hapo, toka, njoo kwa bibi. Alinisikia. Alinyanyua macho, akanitazama kwa aibu, jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima anayemkatiza mbele ya wakubwa, akainamisha kichwa tena. Hakutoka. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Alikuwa ameamkia, na hajaitikiwa.

Zilikuwa zimebaki hatua kama kumi na tano, na mimi nina magoti ya uzee. Nilijua sifiki. Niliona jeneza dogo, niliona binti yangu anashuka kwenye basi. Sijui wazo lile lilitoka wapi. Nikavuta pumzi, nikaikandamiza sauti ile ya darasani, nikanguruma kwa nguvu zangu zote:

"Marahaba, mjukuu wangu!"

Mtoto akatabasamu. Akaondoka taratibu, kwa adabu, akaenda kusimama pembeni kwenye majani. Trekta likarudi nyuma. Tairi lilipita pale pale, nikaziona alama za kandambili zake zinapotea.

Nilikaa chini kwenye udongo. Dereva akazima injini, akashuka anauliza, "Mwalimu, umeanguka?" Nikamweleza. Aliziona alama za kandambili mbili zilizobaki kando ya tairi, zikielekea kwenye majani, akashika kichwa, akaenda kutapika nyuma ya migomba.

Mjukuu wangu ndiye pekee aliyekuwa na furaha. "Bibi, ameniitikia," alisema. "Ana sauti kama yako."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Nilikuwa nimemwokoa kwa uongo ule ule uliotaka kumuua, na sasa alikuwa na ushahidi. Kesho angeliamkia jingine. Na barabara kuu ipo pale, malori yanapita mchana kutwa.

Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya trekta, ufunguo uko mkononi mwa dereva. Nikamwambia, "Mwamkie."

Akaamkia. Tukasubiri. Upepo ulikuwa unapita kwenye alizeti kavu za mwaka jana. Dereva alikuwa ameshika kikombe cha uji uliobaki kwenye jagi na hanywi. Tulisubiri mpaka shingo ya mtoto ikachoka kuinama.

"Bibi, amekasirika?"

"Hajakasirika. Hana masikio. Hana mdomo. Ni chuma."

"Na ile marahaba?"

"Ilikuwa yangu."

"Kwa hiyo kitabu kinadanganya."

"Mimi ndiye niliyedanganya," nikamwambia.

Akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, akarudi nyumbani peke yake. Kile kitabu hakukigusa tena.

Wiki ile nilipita nyumba kwa nyumba kukusanya nakala. Wazazi waliniona nimechanganyikiwa, wengine walicheka. Nilipata arobaini na moja, nikaziwasha moto jikoni, Babu Trekta na makengeza yake. Tisa sikuzipata. Nilikuwa nimewauzia wasafiri waliokuwa wanasubiri basi, na sijui wamezipeleka wapi. Yupo mtoto mahali fulani anaufungua ukurasa wa nne. Mvua zikikaribia, mimi silali vizuri kwa ajili ya mtoto huyo.

Na mjukuu wangu, siku hizi akisikia tu mngurumo kule barabarani, anaingia uvunguni mwa kitanda changu. Jirani aliniambia nimkemee, mtoto mkubwa sasa, ataacha lini. Simkemei. Nafunga mlango, nakaa kitandani juu yake, nasikia anavyohema huko chini, mpaka trekta liondoke kijijini.